Nitajie Siku ya Daraja

Mubi, 9 Juni 2025

Archange mdogo wangu,

Nimerudi kuandika barua kama marehemu baba yetu. Tangu mnara wa simu uzimwe, Mubi yote inaishi kwa karatasi na kwa midomo ya wapita njia, na midomo hiyo unaijua. Barua hii nampa Papa Gustave, muuza vitenge. Anatembea kwa mguu hadi Kashuga, na huko anasema ana mtu wa kuifikisha Karuba. Ikikufikia imelowa mawese, ujue ilisafiri pamoja na chakula chake.

Sisi tunapumua. Duka nalifungua nusu siku. Shemeji yako Maurice anachomelea milango ya watu wanaoogopa wezi, kazi ambayo haikosi siku hizi. Francine anakua, ananijibu vibaya, yaani ni mzima kabisa. Mama bado yuko ng'ambo ya mto na michikichi yake. Nimemwomba ahamie kwangu hadi nimechoka. Anasema nyumba yangu inanuka sabuni ya kuuza. Kila Jumapili anavuka daraja kuja misa, na misa ikiisha anarudi kwake.

Na ni hilo daraja linalonifanya nikuandikie. Lile la kamba za chuma, ulilotuchorea ulipokuwa bado unafundisha habari za vyuma Goma. Unajua waliniweka mkuu wa komite ya daraja kwa sababu wanaume walikuwa wanagombana. Basi upande wetu, pale kamba mbili kubwa zinapoingia kwenye vile vikombe vya chuma vilivyofungwa kwenye zege, Maurice alipaka rangi nyekundu juu ya kamba, mdomoni kabisa mwa kikombe, siku walipomimina ndani yale madini ya kuyeyusha ili yashike kamba. Sasa rangi imetoka nje. Kati yake na kikombe kidole changu kidogo kinaingia. Vikombe vyote viwili.

Maurice ananiambia, "Kamba imeikala tu muzuri, njo namna yake. Usitafute magonjwa." Lakini mimi naona kamba inachomoka, na Mama anapita juu yake kila Jumapili. Je, litaanguka? Nijibu kwa maneno ya watu, si kwa hesabu zako za ubaoni.

Dada yako,
Kyakimwa

*

Karuba, 2 Julai 2025

Dada Kyakimwa,

Barua imefika, na kweli ina mawese. Mke wangu Uwamariya anakusalimu, ingawa wewe hukumtaja. Ni miaka mitatu sasa tangu nimwoe. Yeye amezoea, mimi bado.

Tulikuja Karuba kumzika baba mkwe, barabara ikafungwa nyuma yetu, na mwalimu wako wa vyuma sasa anakamua ng'ombe. Wananicheka namna ninavyokamua. Ng'ombe naye ana la kusema, ananipiga teke.

Kuhusu daraja, usiogope sana. Zinki ikimiminwa kwenye kikombe, kamba hujivuta kidogo mwanzoni, kisha inakaa. Maurice hajakosea. Kinachonitia wasiwasi mimi ni pikipiki. Umeshawahi kukata waya bila koleo: unaukunja huku, unaukunja kule, hadi unaachia. Kila pikipiki inapopita, kamba inavutwa halafu inalegea, na kila mara chuma kinapoteza kitu kidogo ambacho hukioni. Kwa hiyo zuia pikipiki. Waende kwa miguu. Futa rangi ya zamani, paka mpya, uniambie ikisogea.

Na usiniulize siku. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu hivi: mtu akikutajia siku ambayo chuma kitakatika, ujue anakudanganya. Tunachoweza kusema ni kati ya lini na lini tu. Kwa zinki, na bila pikipiki, nasema miaka. Acha Mama apite.

Mdogo wako,
Archange

*

Mubi, 4 Agosti 2025

Archange,

Pikipiki zimezuiwa. Vijana wamenitukana hadi matusi yakawaishia. Mmoja akauliza, "Mama, unataka tubebe pikipiki ku kichwa?" Nikamwambia ndiyo, kichwa chako kinaonekana kigumu.

Jambo jingine litakufurahisha. Wale wenye silaha, waliofika mwezi uliopita, wameweka bariere mdomoni mwa daraja upande wetu. Kila mtu anaonyesha kadi, anafungua mzigo wake, anaulizwa anatoka wapi. Sisemi kwamba ni wema. Lakini wanaovuka wamepungua nusu, fujo za kusukumana hakuna tena, watu wanangoja zamu yao kimya kimya. Jumapili Mama alisimama toka misa ya kwanza hadi jua likawa utosini, akaikosa misa, akafika kwangu amekasirika na miguu imevimba. Nikamkanda kwa maji ya moto huku akiwalaani wote, na mimi pamoja nao.

Kinachonishangaza ni rangi. Umesema zikizuiwa pikipiki itatulia, na mimi nimefanya kama ulivyosema. Ile rangi mpya imesogea upesi kuliko ile ya kwanza. Vidole viwili sasa vinaingia. Maurice hasemi tena kwamba natafuta magonjwa. Anaogopa, na wewe unamjua Maurice, si mtu wa kuogopa.

Nakutumia kipande kilichobaki siku ya kumimina. Maurice alikuwa anakitumia kuzuia mlango wa karakana. Kiangalie, labda utaona kitu.

Dada yako,
Kyakimwa

*

Karuba, 10 Septemba 2025

Dada,

Nilikata ukanda mwembamba kwenye kile kipande, nikaukunja karibu na sikio. Ukalia. Sauti ndogo, kama mtu anayetafuna chumvi ya mawe. Nikakunja tena, ukalia tena. Mama mkwe alidhani nimeshikwa na kichaa, nimekaa uani nasikiliza chuma.

Zinki hailii namna hii. Hii ni étain, ile bati ya migodi yenu! Nani aliweka étain kwenye vikombe vyangu? Mimi nilichora zinki, nikaandika zinki, nikapigia mstari. Maurice ni fundi, si mtoto. Étain ni laini, dada. Haihitaji moto ili itembee. Hapa Karuba wanakandamiza jibini mbichi kwa jiwe: jiwe halifanyi kitu, limekaa tu, lakini kesho unakuta jibini imekuwa bapa. Ndivyo kamba zako zinavyochomoka. Kule kwenu joto linaharakisha, na jua la mchana linapiga vikombe moja kwa moja.

Funika vikombe kwa majani ya migomba, uyamwagie maji. Tafuta vibano vya kamba, serre-câble, hata vya kuazima, tuweze kuishika kamba mbele ya kikombe.

Nimetundika kanda tatu za étain kwenye boriti ya jikoni, kila moja na jiwe lake. Uwamariya ananisaidia kunyanyua na kushusha mawe, maana mimi niko na ng'ombe. Nataka kujua inakufa kwa kitu gani, na upesi gani. Nipe muda.

Halafu nijibu hili kwanza kabla ya yote: umeandika kwamba Mama alisimama. Alisimama wapi? Kwenye ukingo wa mto, ama juu ya daraja?

Archange

*

Mubi, 6 Oktoba 2025

Archange,

Juu ya daraja. Wangesimama wapi? Ng'ambo ile unajua ni matope na mteremko, na upande wetu ni hema la wale wa bariere. Foleni inaanzia kwenye kamba ya bariere yao na kurudi nyuma juu ya mbao, siku ya soko inafika hadi katikati ya mto. Wanaweka mizigo chini, wanakaa juu yake. Wanawake wananyonyesha pale. Kwa nini hukuniuliza mapema? Na mimi kwa nini sikukuandikia? Kwa sababu ni jambo la kila siku, Archange, nani anaandika barua kusema watu wamepanga foleni.

Barua yako nilimsomea Maurice. Ningejua umemsema vile nisingeisoma kwa sauti. Ile zinki ilibaki ndani ya lori, na lori likabaki huko Masisi. Sote tulikuwa tunangoja, mvua inakaribia, kamba zimelala chini. Tunalala juu ya étain, tunachimba étain, watoto wanakula kwa étain. Maurice na wenzake wakayeyusha kasiterite, yale mawe ya étain, kwa makaa, padri akabariki, watu wakapiga vigelegele kwamba daraja limeshikwa na kitu cha udongo wetu. Hakuna aliyejua. Maurice amesema tu hivi: "Umwambie Archange sikuiba zinki yake. Nilifanya na ile iliyokuwa." Kisha akaenda kufunika vikombe kwa majani, na kila mchana anapanda kumwagia maji.

Serre-câble Mubi hakuna. Tumeuliza kila duka.

Nilienda kwa mkubwa wa bariere. Nikamweleza habari ya uzito na kusimama. Akaniuliza, "Mama Francine, sasa bantu basimame fasi gani? Ku maji?" Nikamwambia wasimame barabarani, kwenye nchi kavu, wakishavuka. Akasema, "Sawa. Tutatosha bariere pa daraja, tutaiweka kule ku barabara. Lakini moya akikimbia, wee njo utajibu." Na kweli wameihamisha! Sasa watu wanapita bila kusimama, na daraja linapumzika. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu Juni. Naamini sasa litapona.

Msalimie Uwamariya. Mwambie pole kwa mawe.

Dada yako,
Kyakimwa

*

Karuba, 24 Oktoba 2025

Dada yangu,

Umefanya kazi kubwa, na ninaandika kukuambia kwamba haitoshi. Nimeanza barua hii mara kadhaa, nikachana.

Sikiliza kuhusu kanda tatu. Ya kwanza, Uwamariya alikuwa ananyanyua jiwe na kushusha bila kungoja, asubuhi na jioni. Hiyo bado nzima. Ya pili, jiwe lile lile, lakini kila anaposhusha analiacha likining'inia muda wa maharage kuiva, ndipo ananyanyua. Hiyo ilikatika upesi sana, mara chache tu za kunyanyua. Mimi nilikuwa nakuzuilia pikipiki, na kumbe kinachoua zaidi ni kusimama. Kutembea kunaichosha, kusimama kunaivuta, na yote mawili yanakula kwenye sahani moja.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Hiyo tuliitesa kama ya pili, kisha kabla haijakatika nikaishusha, nikaiacha wiki nzima juu ya meza bila jiwe. Nilitaka kuona kama itaanza upya. Haikuanza upya. Iliendelea pale pale ilipoachia, ikakatika siku ile ile niliyoitundika tena. Hakuna kupona, dada. Kila saa ambayo Mama na wale wanawake walisimama pale bado imo ndani ya vikombe.

Jiwe la jikoni si daraja, najua. Ukiniuliza kati ya lini na lini, nasema kati ya wiki moja na mwisho wa mvua hizi. Labda mbele zaidi. Lakini siwezi kukuandikia upitishe watu. Mvushe Mama kwanza, halafu ng'oa mbao za upande wenu, mtu asiweze kupita hata akitaka.

Mwombe Maurice anisamehe. Nilimwandikia kama mwanafunzi, na yeye ni shemeji yangu.

Archange

*

Mubi, 13 Novemba 2025

Archange,

Barua yako ilifika juzi. Siku ile ile Maurice alivuka kumchukua Mama. Mama akamwambia, "Mafuta haiwezi kubakia nusu mu pipa. Siku ya posho nitakuya." Maana yake Jumamosi. Maurice akapaza sauti toka ng'ambo kwamba atabaki amsaidie kukamua mawese, amalize haraka, kisha watavuka kwa mtumbwi wa wavuvi, na sisi tusingoje, tung'oe.

Basi jana tumeng'oa. Mbao zote za upande wetu hadi karibu na katikati. Nimezipanga dukani kwangu nyuma ya magunia ya chumvi, ufunguo ninao mimi. Watu wananitazama kama mchawi. Mama mmoja wa mihogo ametema mate mlangoni pangu, nikafuta, nikaendelea kuuza. Wale wa bariere waliona hakuna tena wa kuwakagua, wakakunja hema wakaondoka.

Nimefanya. Maurice alisimama kule akiniangalia nikibeba ubao wa mwisho, akanipungia mkono. Mto umeanza kujaa.

Kyakimwa

*

Mubi, 2 Desemba 2025

Archange,

Sijui barua hii naianzia wapi.

Jumamosi mto ulikuwa umejaa, mwenye mtumbwi akakataa. Jumapili akakataa. Jumatatu mvua ilinyesha mchana kutwa. Jumanne asubuhi, tarehe 18, tukasikia risasi ng'ambo, nyuma ya michikichi, zikija upande wetu. Kisha watu wakatoka msituni wakikimbilia daraja, kama tulivyozoea wote kukimbilia daraja.

Nilikimbia dukani. Tulibeba mbao, mimi, Francine, majirani, hata yule mama wa mihogo, tukaanza kuzirudisha. Ubao mmoja unataka misumari, unataka mtu wa kuushika, unataka muda. Vijana wa ng'ambo hawakungoja. Walipofika mwisho wa mbao walishika kamba tupu kwa mikono na miguu, wakavuka wakining'inia juu ya maji, mmoja nyuma ya mwingine, wengi. Kamba ilishika. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kikombe, Archange. Niliangalia rangi nyekundu. Haikusogea.

Mama hakuweza kushika kamba. Nilimwona. Alikuwa na kile kitenge chake cha misa. Maurice alimleta hadi mwisho wa mbao, akaona, akanitazama, akarudi naye ukingoni. Akamfunga mgongoni kwa kitenge kile kile, akaingia majini pale ambapo mto ni mpana. Walifika mbali kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimeshika ubao.

Maurice tulimpata siku ya tatu, chini kwenye mawe. Mama bado. Kitenge kilikuwa kimefunguka.

Watu hawanilaumu, na ningependa wanilaumu. Wanasema ni vita. Lakini mimi ndiye niliyebeba mbao zile, kwa barua yako. Daraja halijaanguka. Leo tarehe mbili Desemba liko pale pale, limening'inia. Kila asubuhi naenda mtoni kuliomba lianguke. Naliomba kwa machozi, kama mtu anavyoomba mvua. Linanitazama tu.

Uliniandikia kwamba anayetaja siku anadanganya. Barua hiyo ninayo, nimeisoma tena jana. Sasa nakuomba, mdogo wangu, nitajie siku. Sitaki kati ya lini na lini. Niambie kama mbao zingekuwepo lingeanguka, na niambie ni siku gani. Francine haongei. Nahitaji kitu cha kumwambia.

Dada yako,
Kyakimwa

*

Karuba, 19 Desemba 2025

Dada yangu mpendwa,

Nimemlilia Mama, nimemlilia Maurice. Uwamariya amekaa chini pamoja nami siku zote hizi, amenyoa nywele kama wanavyofanya kwao kwa mama mzazi. Alitaka ujue.

Umeniomba siku. Ni Jumanne ile, 18 Novemba, asubuhi.

Nimerudia hesabu zote. Nimeweka miezi ya pikipiki, foleni zote za bariere, jua kabla ya majani, na mvua iliyolowesha mbao ikaziongezea uzito. Vijana walivuka kwa sababu mbao za upande wenu hazikuwepo na kamba zilikuwa nyepesi. Mbao zingekuwepo, watu wote wangeingia pamoja, wa mbele wangekwama, wangesimama, na kikombe cha kushoto kingeachia kwanza. Mama na Maurice wangekuwa katikati, na wengine wengi nyuma yao. Wale waliovuka ni wewe uliyewaokoa. Mwambie Francine hivyo, mwambie mjomba amepiga hesabu.

Hakuna kati ya lini na lini. Nina uhakika.

Tumeuza ndama mmoja, tunashuka Kashuga kesho, na kutoka huko tutatembea na Papa Gustave. Tuandalie mahali pa kulala, wawili. Nimeazima msumeno wa kukatia chuma. Usiende tena mtoni asubuhi, dada. Nikifika nitazikata zile kamba kwa mkono wangu mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla hata sijanywa maji.

Mdogo wako,
Archange